Mwanangu anaonewa shuleni, na kiongozi wao ni mtoto wa jirani ninayemtegemea

Hujambo mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Eastlands hapa Nairobi. Nauza nguo za watoto za mitumba Gikomba, kwa hivyo siku za kufungua robota hutoka nyumbani kabla hakujapambazuka. Mume wangu ni fundi wa mabomba na kazi zake ni za kuitwa, leo Ruaka, kesho Syokimau. Kifungua mimba wetu ana miaka 11, yuko Gredi ya 6 katika shule ya umma iliyo karibu na kwetu. Wa pili ni msichana wa miaka 3.

Mwanangu ana kigugumizi tangu alipoanza kuongea. Akiwa ametulia hakionekani sana, lakini akiharakishwa au akitazamwa na watu wengi maneno hukwama. Nyumbani tumezoea, tunamngoja amalize.

Tangu muhula huu uanze nimekuwa nikiona mambo nisiyoyaelewa. Akitoka shule, hata begi hajatua, anakimbilia choo cha ploti. Kumbe kutwa nzima hajaenda haja. Chakula cha jioni anakila kama mtu aliyeshinda na njaa, ilhali namlipia ule mpango wa chakula wa kaunti, shilingi 5 kwa siku, na ana bangili yake ya kugusisha kwenye mashine. Siku moja nikifua sweta yake nilikuta ncha za mikono zimetafunwa hadi nyuzi zimeachana. Nilipomuuliza akasema ni panya.

Aliyeniambia ukweli ni mtoto wa binamu yangu, aliye Gredi ya 5 hapo hapo. Alisema kuna wavulana watatu wa JSS, yaani sekondari ya chini (Gredi ya 7 hadi 9), wanaomngoja mwanangu kwenye tangi la maji, karibu na vyoo. Wanamtaka ataje jina lake na jina la shule bila kukwama. Akikwama, anaanza upya. Watoto wengine huja kutazama na kucheka. Saa ya chakula, akishagusisha bangili na kupewa sahani, wanaipokea nyuma ya jikoni na kumwachia mabaki. Wamempa na jina, sitaliandika hapa.

Kiongozi wao yuko Gredi ya 8, na ni mtoto wa jirani yangu, mlango wao unatazamana na wetu. Mama yake ni mtu wangu sana. Ndiye anayekaa na binti yangu nikiwa sokoni, na hataki malipo, labda nimpelekee unga au nguo. Ni mweka hazina wa chama chetu. Mwaka uliopita mume wangu alipoumia mguu kazini, yeye ndiye aliyetusemea hadi chama kikatukopesha, na deni hilo bado hatujalimaliza. Mvulana wake amekulia mikononi mwetu. Huniamkia kwa heshima kila asubuhi, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Nilienda kwa mwalimu wa darasa. Alinipokea vizuri, lakini akasema watoto wa kiume hutaniana, na kwamba hao wa JSS wana walimu wao. Aliahidi kufuatilia. Sijasikia neno.

Mume wangu alipojua alikasirika sana. Anasema mtoto ajifunze kupigana. Yeye alikulia Majengo, na anasema alionewa mpaka siku aliyomvunja mwenzake jino, tangu hapo hakuguswa tena. Amepata kijana anayefundisha ndondi kwenye ukumbi wa mtaa na anataka kumpeleka Jumamosi hii. Mama mkwe anasema tumpeleke kwake Murang'a akasomee huko. Dada yangu anasema niende nikamwaibishe huyo kijana mbele ya gwaride.

Mtoto mwenyewe nilipomgusia alilia, akaniambia, "Mama, usiende." Basi. Tangu siku hiyo ananikwepa.

Nikinyamaza, nimemwacha mwanangu. Nikisema, napoteza jirani, mlezi wa binti yangu, na pengine chama chote. Nisaidie.

Mama wa Eastlands

JIBU

Dada yangu,

Pole sana. Naona umebeba jambo hili huku ukiendelea kuamka alfajiri na kuita wateja Gikomba kana kwamba hakuna kitu, na hiyo peke yake ni kazi. Asante pia kwa kuniandikia vitu ulivyoviona kwa macho yako: choo, sahani, mikono ya sweta. Wazazi wengi huona ishara hizo na kuzipa majina mengine. Wewe ulizifuatilia hadi ukapata kilichoko.

Nikikuelewa vizuri, una mambo mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni mtoto anayeumizwa kila siku ya masomo, mahali pale pale, na watu wale wale. La pili ni watu wanaokushikilia usianguke: jirani, chama, wakwe, mume. Kila unapotaka kulishika la kwanza, la pili linavutika. Na kila anayekuzunguka ana jibu tayari, isipokuwa mmoja.

Nianze na neno la mwalimu, kwamba hutaniana. Dan Olweus, mtafiti wa Norway aliyeanza kuchunguza uonevu wa shuleni miaka ya 1970, aliutenganisha na ugomvi wa kawaida kwa mambo matatu: mtu anaumizwa kwa makusudi, inarudiwa, na nguvu za pande mbili si sawa, hata yule anayeumizwa hawezi kujitetea kwa urahisi. Sasa tazama kwenu. Watatu wa JSS kwa mmoja wa Gredi ya 6, tangu muhula uanze, wakitumia kile wanachojua hawezi kukishinda akiwa anatazamwa. Huo si utani. Nalisema hili kwa sababu ukirudi shuleni ukisema "wanamsumbua" utajibiwa kama ulivyojibiwa. Ukisema wanamzuia choo na wanamnyang'anya chakula, saa fulani, mahali fulani, hapo mwalimu ana kitu cha kushika.

Na usimwone mwanao kama mnyonge aliyechaguliwa na bahati mbaya. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2019 ilikadiria kwamba karibu mwanafunzi 1 kati ya 3 duniani alikuwa ameonewa na wenzake katika mwezi uliotangulia. Kigugumizi chake si chanzo. Wangekosa hicho wangetafuta miwani, viatu, au kabila.

Sasa nikuulize jambo moja, dada. Barua yako ni ndefu, na ndani yake wamesema wengi: mwalimu, baba, bibi, shangazi wa mtoto, hata mtoto wa binamu. Maneno ya mwanao ni mawili tu: "Mama, usiende." Wewe umeyasikia kama woga, na huenda ni woga. Lakini woga wa nini? Labda anaogopa kulipiziwa kisasi kwenye tangi. Labda anaogopa utafika na hasira na yeye ndiye atakayebaki akichekwa baadaye. Kuna jambo jingine linalonijia nikifikiria maisha ya ploti. Kuta zetu zinasikika. Mtoto wa miaka 11 anajua kuna deni la chama, anajua nani anakaa na mdogo wake, anajua baba alipoumia ni nani aliyesimama. Inawezekana kabisa kwamba ananyamaza ili asiwavunjie ninyi. Kama ndivyo, anabeba mzigo ambao hukumpa na hujui kama anao.

Ndiyo maana, kabla ya ndondi, kabla ya Murang'a, kabla ya mwalimu mkuu, ningekuomba upate muda naye. Usimkalishe mezani mkitazamana, hiyo kwa mtoto mwenye kigugumizi ni kama tangi la pili. Tembeeni pamoja mkienda dukani, au mfue nguo pamoja, macho yakiwa kwenye kazi. Akikwama, ngoja, usimmalizie. Kama maneno hayatoki, mpe karatasi achore shule: lango, madarasa, jikoni, vyoo, kisha aweke alama mahali anapojisikia salama na mahali asipojisikia. Utashangaa mchoro huo unavyosema. Halafu badala ya kumuuliza kama uende, muulize, "Nikienda, ungependa niende vipi?" Hilo ni swali tofauti. Watoto hao wamemnyang'anya uwezo wa kuamua hata lini aende haja. Tukija sisi wazazi na kumwamulia kila kitu, kwa upendo wetu wote, tunaendeleza hali ile ile ya kutokuwa na sauti.

Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, maana huenda ukalazimika kusema. Mwahidi kwamba hutachukua hatua yoyote kabla ya yeye kuijua, na uitimize ahadi hiyo hata pale ambapo itakuchelewesha kidogo.

Kuhusu shule, sidhani mlango umefungwa. Mwalimu wa darasa alikuambia ukweli mmoja: uwezo wake una mpaka. JSS ilipoanza Januari 2023 iliwekwa ndani ya viwanja vya shule za msingi, na tangu hapo kijana mwenye ndevu zinazoota anatumia vyoo jirani na mtoto wa Gredi ya 4. Panapo ratiba mbili na walimu wawili wa zamu, ni rahisi kila mmoja kudhani mwenzake anatazama. Kwa hivyo ngazi inayofuata ni naibu mwalimu mkuu au mwalimu mkuu mwenyewe. Unaweza kwenda na barua fupi, nakala mbili, moja ibaki kwao na nyingine igongwe muhuri ubaki nayo. Andika tarehe, mahali, kilichotendwa na nani walikuwepo, bila kumwita mtoto yeyote jambazi.

Omba vitu vinavyoweza kuonekana. Nani atasimama upande wa vyoo saa ya mapumziko? Nani atahakikisha watoto wanakula wakiwa mbele ya mtu mzima, si nyuma ya jikoni? Na mwanao amwendee mwalimu gani akiwa na shida, akiruhusiwa kutoa kikaratasi badala ya kusema? Mambo haya hayahitaji pesa. Yasipofanyika, kuna bodi ya usimamizi wa shule na chama cha wazazi, na juu yao ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza mwanafunzi kutendewa ukatili au udhalilishaji, wa mwili au wa akili, na Sheria ya Watoto ya 2022 inamlinda mtoto dhidi ya mateso ya kisaikolojia. Si lazima uzitaje ukiwa ofisini. Kuzijua tu kutakufanya ukae kwenye kile kiti ukijua hukuja kuomba msaada wa hisani.

Njia hii ina hatari zake, na mbili nimeziona mara nyingi. Ya kwanza ni viboko. Sheria imevikataza shuleni, lakini sote tunajua bado hutokea. Kijana akichapwa kwa sababu ya mwanao, uchungu wake utamrudia mwanao kesho yake. Sema wazi kwamba hukuja kutaka achapwe. Ya pili ni ile ya kuwaita wote ofisini, "haya, salimianeni, yaishe." Upatanisho unafaa kwa watu waliogombana wakiwa sawa. Mtoto aliyeonewa akilazimishwa kushika mkono wa watatu, atatoka humo akiwa amejifunza kutosema tena. Omba wasikilizwe mmoja mmoja.

Kuna watu wengine umewapitia haraka: wale wanaokuja kutazama. Watafiti wa Canada waliorekodi watoto uwanjani waliona kwamba mwenzao mmoja alipoingilia, katika zaidi ya nusu ya visa hivyo uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Mtoto wa binamu yako tayari amefanya jambo la ujasiri kwa kukwambia. Mshukuru faraghani, usimtaje kokote. Na muulize mwanao kama kuna rafiki mmoja au wawili ambao angependa waende naye chooni. Kwa mtoto aliye peke yake, hilo linabadilisha siku nzima.

Kuhusu baba yao, nakuomba usimwone kama kikwazo. Huyo ni mtu aliyeumia akiwa mdogo na anatafuta jinsi ya kumpa mwanawe kitu ambacho yeye alilazimika kukitafuta peke yake. Ndondi kama mchezo, mtoto akiutaka mwenyewe, inaweza kumpa mwili uliosimama wima na marafiki wapya. Ndondi kama jibu la wale watatu ni jambo lingine. Mmoja kwa watatu wakubwa kuliko yeye, anaweza kuumia vibaya, au aumize mtu na awe yeye ndiye anayesimamishwa shule. Na akishindwa, atadhani amemwangusha na baba. Hebu mwombe mume wako amsimulie mtoto siku zilizotangulia lile jino: alivyokuwa akijisikia, njia alizozikwepa, nani alijua. Pengine mwanao hajawahi kujua kwamba baba yake naye alionewa. Naamini maongezi hayo yanaweza kumjenga kabla hata hajavaa glavu.

Murang'a sitakuambia uikatae. Shule ikishindwa kabisa kumlinda, kuhama si kushindwa. Ila muulize atakavyolielewa. Mtoto anaweza kuona kwamba yeye aliyeonewa ndiye anayefukuzwa kwao, na waliomwonea wanabaki na mama yake na mdogo wake kwenye ploti. Na kwa kuwa yuko Gredi ya 6, ulizia usajili wake wa KPSEA, ile tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6, kabla hujafungasha. Ushauri wa dada yako naupita: kumwaibisha mtoto mbele ya gwaride kutakugeuza wewe kuwa kesi, na mwanao atalipa.

Tuje kwa jirani. Umeandika kwamba ukisema utampoteza. Umejuaje? Mwanamke uliyenieleza ni yule aliyesimama mbele ya chama akawatetea mlipokuwa chini. Huenda akakasirika, huenda akakataa, mzazi yeyote akisikia mabaya ya mwanawe hujikunja kwanza. Lakini huenda pia hajui, na angependa kujua kutoka kwako kuliko kuitwa ofisini na kusomewa barua. Au huenda ameshaona mabadiliko kwa kijana wake na hana wa kumwambia. Kijana anayekuamkia kwa heshima asubuhi na kumtesa mtoto wako adhuhuri naye ana jambo. Sisemi hivyo kumsamehe kwa niaba yenu.

Unaweza kuzungumza naye kabla ya shule, au baada, au umwachie shule kabisa. Ukianza naye, hatari kubwa ni kwamba ataingia ndani na kumcharaza mwanawe usiku huo huo, kisha kesho itakuwaje kwenye tangi? Ukianza shule bila kumwambia, anaweza kuona umempitia mgongoni. Mimi naona tofauti italetwa na namna zaidi ya mpangilio. Msikutane mlangoni, wala siku ya chama, wala watoto wakiwepo. Mweleze ulichoambiwa na ulichoona, umwombe msaada wake, na umwombe asimpige.

Na kabla ya maongezi hayo, tafuta mahali pengine ambapo binti yako anaweza kukaa, hata kama ni kwa wiki moja tu, kwa jamaa au kwenye nyumba ya kulelea watoto mtaani uliyoikagua mwenyewe. Si kwa kumwadhibu jirani. Ni ili ulimi wako usiwe umefungwa na swali la "kesho nitamwacha wapi mtoto?" Deni nalo ni la chama, liko kwenye daftari na lina makubaliano yake. Endelea kulilipa kama mlivyokubaliana. Hukununuliwa nalo kimya chako.

Yote haya yanaweza kwenda polepole, isipokuwa mambo machache. Mtoto akianza kusema hataki kuishi, akijiumiza, akikataa kula hata nyumbani, au akirudi na majeraha, usingoje mkutano wa mtu. Mpeleke hospitali, na kama ameumizwa, nenda dawati la watoto katika kituo cha polisi au kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Namba 116 ya Childline Kenya hupigwa bure, usiku na mchana. Unaweza kupiga wewe, na mwanao pia anaweza kupiga. Mwonyeshe namba hiyo hata kama huoni haja leo.

Jumamosi imekaribia, kwa hivyo huenda wa kwanza kuzungumza naye ni mume wako, usiku watoto wakiwa wamelala, ili ndondi isianze kabla mtoto hajaulizwa. Mtakapoandika ile barua ya shule, mkitaka niisome kabla hamjaipeleka, nitumieni.